Funua Sufuria

Akoth, nyathina, mwanangu,

Jumamosi iliyopita ulirudi kutoka uwanjani, fulana yako nyeupe imekushika mgongo kwa jasho, ukasimama mlangoni na kuniuliza majirani wakisikia: "Mama, kwa nini hukuja? Mama za wenzangu wote walikuja kutupigia makofi." Nikakujibu kwamba nilikuwa na omena ya kuanika. Ulijua ni uongo. Tangu gugu lizibe ziwa na mashua zikwame, omena ya kuanika ningeitoa wapi? Ukaniambia nina roho ngumu, ati watu wote wa Kisumu wamejitokeza kukimbia ili wenye njaa wale, na mama yako mzazi ameshindwa hata kusimama kando ya barabara. Ukaenda kuoga. Mimi nikaifua ile fulana na kuianika, na hukuniuliza tena.

Basi leo nakujibu. Uko Milimani, wale waliokuajiri wamekualika chakula cha kukuaga, na kesho alfajiri gari lao litakuja kukupeleka Lodwar ukagawe mahindi kwa watu wenye njaa. Nyalenda nzima inasema umepata kazi nzuri. Mama Zuhura hapa jirani amelisema jambo hilo tangu asubuhi mpaka sauti imemkauka.

Sitakwambia ufunge neti wala uchemshe maji ya kunywa. Una miaka kumi na minane, umesoma, hayo unayajua. Habari za wanaume nilishakwambia na hukusikia, kwa hiyo nazo naziacha. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho walichonifundishia kuandika kule ngumbaru, shule ya watu wazima, na pia kwa sababu haya mambo nikiyaweka kwa Kijaluo nitaanza kulia. Leo sitaki kulia. Nimekasirika, na nataka nibaki nimekasirika mpaka nimalize.

Umeniambia mara nyingi kwamba kitu cha kwanza unachokikumbuka duniani ni siku ile nilipowapaka mafuta wewe na kaka yako Ouma mpaka mkang'aa, mkanywa chai yenye sukari, na wageni wakaja wakawashika mashavu. Ukilisimulia hilo unacheka. Umelisimulia hata kwa mkubwa wako wa kazi. Kila mara mimi huinuka nikatafute kitu cha kufanya nje. Hujawahi kujiuliza kwa nini, na mimi sikukuambia. Ouma alikuwa na miaka saba. Wewe ulikuwa na minne.

Ulikuwa mwaka wa mahindi ya njano. Mvua haikuja kabisa. Baba yako alikuwa amekwenda Nairobi kutafuta kazi, na tulichopata kutoka kwake ni kimya. Nilikuwa nafua nguo Milimani kwa mama mmoja anayeitwa Mama Rose, mke wa daktari. Mume wake aliletwa Kisumu na kazi, hawakuwa watu wa hapa. Na nisikudanganye, hakuwa mtu mbaya. Alinilipa kwa wakati, hakuwahi kunitukana, na akinikuta nimeinama karoni alinisalimia kwanza. Kama angekuwa mbaya ningekuwa na kazi rahisi leo, ningekwambia tu usiwe kama yeye.

Mama Rose na wenzake wa Milimani waliona njaa ya Nyalenda ikiwapitia mbele ya mageti, ikawauma, wakapanga mbio. Waliziita Mbio za Kumaliza Njaa. Mpango ulikuwa hivi: kila mkimbiaji awe na tajiri wa kumsimamia, na kila akizunguka uwanja mara moja, tajiri wake atoe gorogoro moja ya mahindi, lile kopo la mafuta tunalopimia sokoni mpaka leo. Mahindi yote yakusanywe, halafu yapelekwe kwa wenye njaa. Mama Rose akaja karoni, akaniambia, "Mama Ouma, mimi magoti yangu yamekwisha. Wewe uko na nguvu. Kimbia kwa jina langu, nami nitatoa."

Nilifurahi, mwanangu. Nilifurahi kama mjinga. Nikajiambia, nikizunguka sana, mahindi yatakuwa mengi, na mwenye kuyakimbilia hawezi kusahauliwa.

Siku ya mbio niliwaacha kwa Mama Zuhura, nikaenda na chai ya turungi peke yake tumboni, haina maziwa wala sukari. Nilikimbia miguu mitupu. Vijana wa shule walianza kwa kasi, wakachoka, wakakaa nyasini wanakunywa soda. Mimi niliendelea. Nilikuwa sioni watu, naona lile jukwaa tu, na mbele ya jukwaa makopo ya mahindi yakipangwa moja baada ya jingine. Kila nikipita Mama Rose alikuwa anapiga kelele, "Bingwa wangu! Ongeza, bingwa wangu!" na wenzake wanacheka kwa furaha, na nikipita tena naona kopo jingine limeongezeka. Wewe ungeacha? Magoti yalikuwa yanatetemeka na mdomoni nina ladha ya damu, lakini kopo lilikuwa linaongezeka.

Nilianguka. Walinimwagia maji, wakaninywesha glukosi, wakanisimamisha tupigwe picha. Mzee mmoja mwenye kofia alishika mikrofoni akasema, tazameni vile maskini wenyewe wanajisaidia. Watu wakapiga makofi. Wakanipa fulana mpya nyeupe yenye maandishi kifuani, TUKIMBIE TUMALIZE NJAA. Ndiyo, Akoth. Karibu maneno yaleyale ya kwako. Ulipoingia Jumamosi nayo mlangoni, nilishika ukuta.

Niliuliza kama naweza kubeba kopo moja nyumbani. Mama Rose akaniambia kwa upole kabisa, "Hapana, Mama Ouma, tumekubaliana yaende kwa wale walio na njaa kabisa. Wiki ijayo tutapita nyumba kwa nyumba tujionee wenyewe." Nikasema ahsante. Nikarudi kwa miguu mpaka Nyalenda na fulana yangu.

Sasa sikiliza hapa vizuri, kwa sababu hili ndilo jambo nililoshindwa kukuambia miaka yote.

Unajua tulivyolelewa. Mama yangu kule Seme, mgeni akionekana kwenye njia, kabla hajafika uani moto umeshawaka na chungu kiko juu. Kiwe na kitu, kisiwe na kitu, kiko juu. Mgeni akute moshi. Watoto wapakwe mafuta, kwa sababu mtoto mwenye ngozi ya kijivu ni matusi kwa mama yake, watu watasema hajui kulea. Na mgeni akiuliza habari, habari ni njema. Hatusemi njaa mbele ya mgeni. Sikufundishwa hivyo kwa maneno hata siku moja. Nilichapwa tu nilipokosea.

Siku walipokuja, niliamka nikafagia mpaka nje ya ua. Nikakopa kijiko cha sukari kwa Mama Zuhura, naye akanitazama vibaya akaniuliza, "Wewe, wanakuja kuangalia njaa ama wanakuja harusi?" Nikamwambia asinifundishe kupokea wageni. Nikakwangua kopo la mafuta, nikawapaka wewe na Ouma, uso, magoti, mpaka nyuma ya masikio. Nikawasha jiko. Nikateleka sufuria kubwa, ile yenye mkono mmoja, nikaijaza maji na kuifunika.

Wakaingia Mama Rose na mama mwingine mnene aliyekuwa anajipepea. Niliwapa viti vyote viwili. Nikawapa chai, na iliyobaki mkamalizia nyinyi. Mama Rose akawashika mashavu, akasema, "Ona watoto wanavyong'aa!" Yule mwingine akatazama jiko, sufuria inatoa mvuke, akasema, "Na naona chakula kiko karibu." Nikamjibu, "Ndiyo, Mama. Kaeni kidogo mle na sisi." Nilisema hivyo, Akoth. Tena nilishikilia. Nikasema haiwezekani mpite nyumbani kwangu bila kula. Nilijua watakataa. Watu wa Milimani hukataa.

Ouma alikuwa amesimama karibu na jiko. Alikuwa ameitazama ile sufuria tangu asubuhi. Akasema kwa Kijaluo, wazi kabisa, "Mama, humo si ni maji tu."

Mama Rose hakujua Kijaluo. Akatabasamu, akaniuliza, "Anasema nini, huyu kijana mzuri?"

Nikamwambia, "Anasema karibuni."

Na nikambana Ouma begani kwa kucha, nyuma ambako hawaoni. Hakulia. Alikuwa mtoto wa kuelewa haraka.

Wakainuka. Mlangoni Mama Rose akamwambia mwenzake, "Huyu ndiye bingwa wangu wa mbio. Hapa kuko sawa, mtu mwenye njaa hawezi kukimbia vile." Wakacheka, na mimi nikacheka nao, nikawasindikiza mpaka barabarani kwa heshima zote.

Kwa Mama Zuhura hawakukaa. Walimkuta chini kwenye vumbi, watoto hawajachanwa, hakuna moto. Wakamuuliza hali. Akawaambia, "Hatujala tangu juzi, na nyinyi mmechelewa." Hata kiti hakuwapa. Alipata debe zima. Nilimtazama nikasema moyoni, mwanamke huyu hana haya. Jioni alikuja na gorogoro imejaa, amefunika na leso. Akasema, "Chukua, Mama Ouma, watoto wasilale hivi." Nikasimama mlangoni, nikamwambia, "Sisi tumekula. Tulikuwa na wageni leo." Ouma alikuwa nyuma yangu anasikia. Mama Zuhura akakaa kidogo, akasubiri nibadilishe maneno. Sikubadilisha. Akarudi nayo.

Surua ilipita Nyalenda mwezi uleule. Wewe ulipona. Ouma alikuwa amekwisha mwili, na mimi ndiye niliyekuwa nampaka mafuta kila asubuhi, kwa hiyo usiniambie sikujua. Nilihesabu mbavu zake kwa vidole vyangu. Hospitali walisema surua. Waandike wanavyotaka.

Tulimpeleka Seme kwa boma la baba yako. Hakuwa na nguo nzima ya kuzikwa nayo. Nguo mpya iliyokuwa ndani ya nyumba ilikuwa moja tu, ile fulana. Ilimfika magotini. Nilijaribu kuigeuza nje ndani ili maandishi yasionekane, lakini kitambaa kilikuwa chepesi, yakaonekana hivyohivyo.

Na chakula kilikuja, mwanangu, wee! Mama Rose alileta gunia zima kwa gari la mume wake. Alilia kaburini, na machozi yake yalikuwa ya kweli. Wajomba ambao mwaka mzima hawakuuliza tunakula nini walikuja, wakakaa siku kadhaa, wakaulizia nyama. Nilipika kwenye masufuria ya kuazima. Nilipika ugali wa njano kwa ajili ya watu waliokuja kumlilia mtoto aliyekosa ugali. Na nilikula. Kila mtu aliniambia nile nipate nguvu, nikala, nikashiba, na tumbo langu likafurahi. Hilo ndilo siwezi kulisamehe. Ningekuwa mtu mzuri lingekataa.

Sasa umeelewa kwa nini sikuja kukutazama ukikimbia?

Huko uendako utakuwa Mama Rose. Usikasirike, ndiyo kazi yenyewe. Utashuka kwenye gari ukiwa umevaa viatu safi, utaingia kwenye nyumba za watu, na ukisema hapa kuko sawa, huko watakaa na usawa wako mpaka wazikane. Hawatakuwa Wajaluo, sijui wao humpokeaje mgeni. Lakini mama ni mama. Kuna mmoja huko atakayekuona ukija kwa mbali, na atakuwa na mafuta kidogo aliyoficha kwa ajili ya siku kama hiyo.

Usimuulize kama wamekula. Hakuna mtu mwenye akili zake anajibu swali hilo. Usiwatazame watoto usoni, uso ndio tunapaka kwanza. Wakikuambia karibu, usifurahi. Mtoto akisema kitu na mama yake akakitafsiri upesi, muulize mtu mwingine amesema nini. Na usimwambie mwenye njaa akukimbilie, acheke, aimbe, asimame kwenye mstari akupungie mkono, ndipo umpe. Mtakuwa na mbio zenu na fulana zenu, sawa, mahindi lazima yatoke mahali. Wakimbie walioshiba. Kukimbia kutawasaidia tumbo.

Ukiingia ndani ukute sufuria iko juu ya moto, ifunue.

Najua. Kufunua sufuria ya mwanamke mwingine bila ruhusa ni matusi makubwa. Wewe ukinifanyia mbele ya wageni ningekuzaba kofi. Atakuchukia, atakutangaza kijiji kizima kwamba wewe ni mtoto usiye na malezi, na malezi yanayotukanwa ni yangu. Wacha yatukanwe. Mama Rose alikuwa na adabu. Alikaa kwenye kiti changu karibu na sufuria ile kama wewe ulivyo karibu na ukurasa huu, akanywa chai yangu, akaniheshimu, na mwanangu akafa. Natamani angekuwa mshenzi. Natamani angeinuka, akafunua kile kifuniko, akanitazama, akanitia aibu mbele ya watoto wangu. Ningemlaani maisha yangu yote na Ouma angekuwa na miaka ishirini na moja.

Na sasa tufike leo.

Leo jioni ulikuja na mkubwa wako, yule mama wa miwani, ili anione kabla hamjaondoka. Nilisikia gari likisimama. Nilikuwa nimekaa. Nikainuka, nikajipaka mafuta miguuni na mikononi, nikawasha jiko. Mlipoingia sufuria ilikuwa juu. Ileile, yenye mkono mmoja. Ukamwambia kwa majivuno, "Huyu ndiye Mama yangu. Kwake mgeni haondoki bila kula." Nikasema kaeni mle. Yeye akasema samahani Mama, tumechelewa, kuna chakula tumeandaliwa. Nikashikilia. Mkacheka.

Kifuniko kilikuwa kinaruka kwa mvuke, kinapiga kelele. Ukachukua kitambaa, Akoth, ukanyoosha mkono. Nikasema moyoni, sasa, sasa ataona.

Ukakikandamiza kisipige kelele. Ukarudi kukaa.

Tangu omena ipotee sina cha kuuza sokoni Kondele, na tangu uhamie kule Milimani kwa mafunzo yenu hujui ninakula nini, kwa sababu kila ukija nakuambia nimekula. Sikuwa nakujaribu. Ama labda nilikuwa nakujaribu, sijui tena, mambo haya yamenishinda kuyatenganisha. Ninachojua ni kwamba nilikupokea wewe, mtoto niliyemzaa, jinsi ninavyopokea wageni. Umekuwa mgeni wangu. Na mdomo wangu ukimwona mgeni una neno moja tu la kusema, na si la kweli, na nimejaribu kuurekebisha kwa miaka kumi na minne umekataa. Ndiyo maana naandika.

Nikimaliza hapa nitamwaga yale maji, nitaipangusa sufuria ikauke, nitaiweka barua hii ndani na kuifunika, kisha niirudishe juu ya jiko. Halafu nitalala. Utarudi kulala hapa kwangu, umeshiba. Ukipita tu ukaenda kulala, kesho nitaamka kabla yako, nitawashia moto hii karatasi nikuchemshie maji ya kuoga, na nitakuaga mbele ya Mama Zuhura na majirani wote nikicheka, miguu yangu inang'aa. Utafika Lodwar ukiwaambia watu vile mama yako alivyo mkarimu, na utaifanya kazi yako kama Mama Rose alivyoifanya yake. Sitakuzuia. Nitakaa hapa nikijua.

Lakini kama unasoma, basi umefunua.

Niamshe, Akoth. Usione huruma, niamshe tu. Usiniulize kama nimekula, nitakudanganya hata usingizini. Kaa kitandani, ushike mbavu zangu kwa vidole vyako kama nilivyoshika za kaka yako, na unyamaze mpaka nilitoe mwenyewe hilo neno. Nalijua lilivyo. Nimeliandika hapa ili uone kwamba mkono umeweza.

Nina njaa.

Mama yako,
Mama Ouma